Vigingi vya Kibondeni

Ndugu zangu, asubuhi ile kijiji cha Mnyambe kilikuwa kimetulia. Stamili alikuwa ndiyo kwanza anautua mtungi wa maji. Aliondoka majogoo, akarudi jua limeshapanda, maana huku juu hakuna chemchemi; maji hufuatwa chini ya mteremko. Mumewe, Halfani, alikuwa akimenya mihogo na binti yao, Adija. Ndipo wakatokea watu wa serikali ya Wadachi.

Walikipima kibonde cha udongo mfinyanzi nyuma ya nyumba, wakapigilia vigingi vinne vyenye vitambaa vyekundu, wakaandika kwenye karatasi. Halfani akamfuata akida aliyewaongoza.

"Shikamoo, bwana. Hivi ni vya nini?"

"Ni mpango wa serikali, wa miaka mingi. Mtajua siku yenyewe. Na ole wake atakayevigusa!"

Jamani, moyo wa mtu utatuliaje kwa jibu kama hilo? Vita vya Maji Maji vilikuwa havijatimiza mwaka tangu vizimwe. Halfani aliona kwa macho yake askari wa serikali hiyohiyo wakichoma maghala ya mtama.

"Wanataka kujenga boma hapa," alimwambia mkewe. "Watatufukuza."

"Umeambiwa hivyo, Baba Adija?"

"Lingekuwa jambo jema wangelificha?"

"Basi nenda ukaulize tena. Vile vitambaa havijaniuma mimi."

Hakwenda. Wazee wake Wamakonde walijificha vichakani, na wavamizi walipokuja, wazee hao waliziba njia ya kweli kwa miiba, wakafyeka nyingine ya uongo inayopotelea porini. Halfani alilelewa katika ujanja huo, akaona vigingi navyo ni njia ya adui. Stamili aliposhuka kuteka maji, Halfani aliving'oa vyote, akavipigilia juu ya kilima cha mchanga, mpakani na jirani yake Bwanali ambaye hawakuwa wakielewana naye. Akapima hatua zilezile, akafagia nyayo zake kwa tawi. Mkewe aliporudi, alimwambia ni watu wa serikali waliovihamisha.

Alidhani atapumua. Apumue wapi! Bwanali akikohoa tu, Halfani anaona ameshajulikana. Salamu yake akaijibu nusu, hata mkewe akawa hamwambii lililo moyoni.

Ikapita miaka minne. Mpimaji aliyeviweka vigingi alikuwa amesharudi kwao Ulaya. Akaja msimamizi, Vitalis wa Lukuledi, na watu thelathini wenye majembe, wakachimba kilimani mwezi mzima. Halfani akasogea.

"Boma gani hili linaanza na shimo?"

Vitalis akacheka. "Boma? Hili ni lambo, mzee wangu, la kukinga maji ya mvua, wake zenu wapumzike. Ila nashangaa. Karatasi inasema udongo mfinyanzi, na hapa ni mchanga mtupu. Nimewauliza wakubwa, wamenijibu: fuata vigingi."

Halfani alitaka kukiri alilolifanya. Akalikumbuka onyo la akida, akaogopa kunyongwa, akarudi zake nyumbani.

Mvua zikanyesha, mchanga ukayanywa maji yote, hata chura hakupata pa kukaa. Wakubwa wakaandika kuwa mpango umetimia.

Kiangazi kilichofuata, Stamili alikanyaga jiwe lililolegea mteremkoni, akaanguka na mtungi wake. Walimpandisha kwa machela, nyonga imevunjika. Hakusimama tena. Halfani akalia kitandani pake, akamweleza yote.

Stamili alimtazama kwa uchungu. "Nilikwambia ukaulize," alisema. "Miaka yote hii nashuka na kupanda, kumbe maji uliyakataa wewe!"

Nje, Adija alikuwa akijitwisha mtungi mwingine. Kushuka mteremkoni kufuata maji sasa ilikuwa zamu yake.

FUNZO

Wenzangu, mwenye madaraka anayewapangia watu miaka yao bila kuwaeleza amekosa, na kosa hilo simsamehei. Lakini nasi tuliochomewa maghala tusiifanye shaka kuwa ushahidi. Uliza mara ya pili, uliza na ya tatu, kabla hujang'oa. Na ukishakosea, sema mapema. Siku Vitalis aliposhangaa, majembe yalikuwa bado yapo kilimani na Stamili alikuwa bado anatembea.