Ulimi wa Kuazima

Mwonja Mkuu alianguka saa tatu na dakika kumi asubuhi, kijiko kikiwa bado mkononi, mbele ya vikombe sita vyeupe vilivyopangwa mstari mmoja. Vinne alikuwa amekwisha kuvionja. Cha tano kilipungua funda moja tu. Cha sita hakukigusa.

Inspekta, mwanamke wa makamo, alipofika, mwili ulikuwa umefunikwa shuka na chumba kizima kinanukia kama sherehe ya kuzaliwa: vanila, chokoleti, limau, siagi ya moto. Hiyo ndiyo iliyokuwa biashara ya pale, chai zenye ladha ya vitindamlo. Unakunywa kikombe, mdomo unaapa kwamba umekula keki. Pembeni palikuwa na sahani ya biskuti zilizokandwa kwa unga wa majani ya chai, na bakuli la aiskrimu ya chai ya maziwa iliyokwisha kuyeyuka ikawa mchuzi.

Inspekta alimeza mate, akajionea aibu. Alitoka nyumbani bila kifungua kinywa. Alikuwa amefungua gazeti na kukuta picha ya mwenzake wa chuo cha polisi akivishwa cheo kipya, kwa kesi ambayo nusu yake aliitatua Inspekta mwenyewe. Chai ilimpalia, akaiacha mezani.

"Nani alimwona akianguka?" aliuliza.

"Sote watatu," alijibu Bosi, mwenye kampuni, mzee mnene aliyekuwa akijifuta jasho kwa kitambaa cha mezani. "Mimi, na huyu msaidizi wake, na mdogo wake aliyekuwa pale jikoni, mlango ukiwa wazi. Alionja, akatema kwenye beseni kama kawaida. Mara akashika koo. Akakimbilia droo yake, akapekua, akapekua... Afande, ile droo ilikuwa tupu."

"Alitafuta nini?"

"Sindano yake ya dawa. Ana mzio wa lozi, mkali wa kutisha. Ndiyo maana ya kile kibao."

Inspekta aligeuka. Juu ya mlango paliandikwa kwa herufi nyekundu: MARUFUKU KUINGIA NA LOZI, KOROSHO AU KARANGA.

Daktari wa polisi alisimama kutoka pale chini, akavua glavu. "Koo limevimba, njia ya hewa imeziba. Ningekuwa mtu wa kamari ningesema lozi. Lakini subiri maabara."

Maabara haikuchelewa. Kikombe cha tano, chai ya keki ya chokoleti, kilitakiwa kuwa na kijiko kimoja cha malai ya maziwa. Badala ya malai palikuwa na tui la lozi.

"Si ajali, basi," alisema Sajini, kijana mrefu asiyeweza kukaa kimya. "Mtu kaweka lozi, mtu kaondoa sindano."

"Mtu mmoja," alisema Inspekta. "Tafuta hiyo sindano."

Waliipata kabla ya saa sita. Ilikuwa mfukoni mwa koti jeupe lililotundikwa nyuma ya mlango, imefutwa alama za vidole ikang'aa. Koti lilikuwa la msaidizi.

Huyo msaidizi wote walimwita Kamusi, kwa jinsi alivyopenda maneno makubwa. Kituoni maneno yalimwishia. Alikaa kwenye kiti cha chuma, magoti pamoja, kama mtu aliyepanda basi lisilo lake.

"Ulimwonea wivu?" Inspekta alianza bila kupiga kona.

"Miaka kumi na moja."

Sajini aliinua kalamu. Hakutarajia samaki aruke mwenyewe ndani ya kikaango.

"Muulize yeyote," Kamusi aliendelea. "Nilikuwa nikionja kikombe kilekile, saa ileile. Mimi naandika 'tamu, nzito kidogo.' Yeye anaandika 'limau lililokamuliwa na mtu mwenye haraka.' Bosi anacheka, wanunuzi wanacheka, chai inauzika. Nilikuwa nikifika nyumbani nashindwa kula. Mke wangu anasema mezani tuko watatu, yule mwanamke amekaa katikati yetu."

"Watu wameua kwa chini ya hapo."

"Najua. Lakini afande, kama ningetaka kumuua, lozi ndilo jambo la mwisho ambalo ningefikiria. Mwonja hunusa kabla ya kuweka mdomo. Na pua ya yule! Aliwahi kumzuia mnunuzi mlangoni kwa sababu alitafuna lozi garini. Kumwekea lozi kikombeni ni sawa na kumwekea nyoka mezani ukitumaini hatamwona."

Inspekta aliacha kuandika. "Hilo la mnunuzi lilitokea lini?"

"Miaka... minne hivi."

"Na karibuni? Amewahi kunusa kitu kabla ya wengine?"

"Ajabu," alisema Kamusi polepole. "Karibuni sikumbuki."

Nje, kwenye ukumbi, Sajini alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi mapema. "Sindano kwake, wivu kwake, kakiri mwenyewe. Tumfungie?"

"Mtu anayeamini pua ile isingeweza kudanganywa, asingejaribu kuidanganya," alisema Inspekta. "Tunamtafuta mtu aliyejua kwamba pua ilikuwa imekufa. Chukua funguo za nyumba ya marehemu."

Nyumba ilikuwa ghorofa ya pili, vyumba viwili, safi, ukutani tuzo tano za uonjaji katika fremu za dhahabu. Kitanda cha chumba cha pili kilikuwa mbao tupu. Inspekta alikwenda moja kwa moja jikoni, akafungua jokofu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mama yangu!" Sajini aliziba pua. "Kitu gani hicho?"

Yalikuwa maziwa, hayajaganda wala kuchacha, ila yamenyonya harufu ya samaki aliyeozea kando yake. Kando ya sinki palikuwa na glasi yenye maziwa yaleyale, imenywewa hadi nusu. Alama ya rangi ya mdomo ilikuwa bado ukingoni.

"Ameyanywa haya leo asubuhi," alisema Inspekta. "Mwonja Mkuu. Tuzo tano."

Kwenye droo ya kitanda walikuta kadi ya daktari wa masikio, pua na koo. Inspekta alimpigia palepale.

"Alinisihi nisimwambie mtu," alisema daktari kwenye simu, baada ya kushusha pumzi. "Ilikuwa homa, miaka miwili iliyopita. Ilipopona, harufu hazikurudi. Na bila pua, ulimi unabaki kujua tamu, chungu, chumvi na uchachu. Basi. Vanila na chokoleti kwake vilikuwa kitu kimoja."

"Alikuja peke yake?"

"Hapana. Alikuja na mdogo wake. Yeye mgonjwa alikaa kimya. Mdogo ndiye aliyelia."

Jioni ileile mdogo wa marehemu aliketi kwenye kiti alichokalia Kamusi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mikono imelainika kwa maji ya sabuni, aproni bado kiunoni. Pale kazini ndiye aliyeoka biskuti za chai, akagandisha aiskrimu, akaosha na kupanga vikombe. Hakuna aliyekuwa amemuuliza swali zaidi ya "pole".

"Pole sana kwa msiba," alisema Inspekta.

"Ahsante, dada."

"Mlikuwa mkiishi pamoja?"

"Tangu mama afariki. Nilikuwa na miaka sita, yeye kumi na sita. Ndiye aliyenisuka nywele, ndiye aliyenipeleka shule. Nilihama mwezi uliopita."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kujitegemea."

Inspekta aliitikia kwa kichwa, kwa upole, kama ameridhika. Kisha akafungua daftari la marehemu, lile la uonjaji, akalisogeza karibu na taa.

"Nimekuwa nikilisoma," alisema. "Kazi nzuri mno. Nadhani hatatokea tena mtu wa kuonja kama dada yako."

Mdogo alitazama meza.

"Kile kipaji alizaliwa nacho peke yake. Bosi kaniambia wewe huna."

Vidole vya mdogo vilianza kukunja ukingo wa aproni.

"Sikiliza hii ya leo, kikombe cha nne. 'Karameli laini.' Maneno mawili, lakini unaiona chai yenyewe."

"Si karameli."

"Ndivyo ilivyoandikwa. Kwa mkono wake."

"Karameli anaandika mtu yeyote!" Sauti ilipanda ghafla, ikampiga Sajini aliyekuwa mlangoni. "Ile ni sukari iliyoanza kuungua ukingoni mwa sufuria, mpishi akaiwahi. Ndivyo nilivyomwandikia! Alikuwa akinakili haraka, anakatakata. Mimi sikuandika karameli!"

Mdogo mwenyewe alikuwa wa mwisho kusikia alichosema. Akaweka kiganja mdomoni, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka na kukaa mezani katikati yao.

Inspekta alifunga daftari. "Una haki ya kukaa kimya. Ukisema, kitaandikwa, na kinaweza kutumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Ulimwandikia wapi?"

"Kwenye vikaratasi. Kila asubuhi naingia saa kumi na mbili, naonja vyote, naweka kikaratasi chini ya kila kisahani, naye anavinakili na kuvichana kabla wengine hawajaingia." Alizungumza polepole sasa, kama anayefungua fundo. "Alipopoteza pua alipiga magoti mbele yangu. Dada yangu, aliyenilea! Akasema, mdogo wangu, niazime ulimi wako mpaka nipone. Ningesemaje? Nilifurahi hata. Nilijua sasa ataona ninachoweza."

"Akaona?"

"Tuzo mbili za mwisho ni zangu. Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma nimeshika mkoba wake. Anapanda jukwaani, watu wanapiga makofi, anasoma maneno yangu, na mimi napiga makofi. Nikirudi nyumbani ananipikia, ananiita mtoto wangu. Nilikuwa nampenda. Lakini kila makofi yalipolia kitu kiliniuma hapa, chini ya titi, kama ninatafunwa. Nikaanza kuchukia hata viatu vyake mlangoni. Ndipo nikahama."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani angeniamini? Mwosha vikombe?" Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Wiki iliyopita akaja mwandishi wa gazeti. Bosi anazindua chai mpya, ile ya keki ya chokoleti. Mchanganyiko ni wangu, dada, nimeuhangaikia miezi saba jikoni kwangu. Kwenye boksi wameweka sura yake. Mwandishi akaniona, akauliza, na huyu ni nani? Nikasema moyoni, leo. Mbele ya mtu mmoja tu, aseme hata 'ananisaidia kuonja'."

"Akasema nini?"

"Hakugeuka hata kunitazama. Akasema: 'Huyu? Ni mdogo wangu. Ananioshea vikombe.'"

Sajini alisahau kuandika. Inspekta alimkumbusha kwa jicho.

"Kwa hiyo ukachagua kikombe cha chai yako mwenyewe."

"Nilitaka aanguke mbele yao. Wajue kwamba hanusi chochote. Wajue kwamba ni mimi."

"Kama ulitaka hilo tu, usingeigusa sindano."

Saa ya ukutani ilipiga hatua zake. Nje mtu alipita akipiga mluzi.

"Ndiyo," alisema mdogo mwishowe.

"Na kwa nini koti la Kamusi? Amekukosea nini?"

"Hakunikosea. Wivu wake kila mtu alikuwa akiujua, anautembeza kama tai shingoni. Wangu hakuna aliyeujua." Akainua macho, kwa mara ya kwanza yakiwa yamejaa machozi. "Dada, wewe umewahi kumwonea mtu wivu? Wivu kweli, mpaka chakula kinakosa ladha?"

"Leo asubuhi," alisema Inspekta.

Walitazamana kitambo. Inspekta ndiye aliyeshusha macho kwanza. Alifikiria picha ya gazetini, na jinsi alivyokuwa ameigeuza kifudifudi mezani kwa nguvu mpaka chai ikamwagika. Tofauti yake na huyu aliyekaa mbele yake haikuwa kubwa kama alivyotaka iwe.

"Alipokuwa akipekua ile droo," alisema, "ulikuwa wapi?"

"Jikoni. Mlango ulikuwa wazi. Aliniangalia mimi. Bosi alikuwa pale, Kamusi alikuwa pale, lakini yeye aliniangalia mimi, kama alivyozoea akikwama, nimwambie kilichomo kikombeni." Aliuachia ukingo wa aproni. "Nami nikamwona anaelewa."

Alilia kwa muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Kamusi alifunguliwa chumba cha pili, akaondoka bila koti lake.

Ilipotimu saa moja jioni, Sajini alikuwa amekaa mbele ya fomu ya maelezo ya onyo, yale ya mtuhumiwa, karatasi nne, mistari mitupu. Mdogo alijifuta uso kwa aproni, akaketi wima. Alisimulia tena tangu mwanzo, kwa sauti tulivu, akimsubiri kijana amalize kila sentensi. Mara mbili alimsimamisha. "Hapana, usiandike 'alikasirika'. Andika nilivyosema." Sajini alifuta, akaandika alivyosema.

Mwishoni Sajini aligeuza ukurasa wa kwanza, ambako nafasi ya juu kabisa ilikuwa imebaki wazi.

"Jina la mtoa maelezo?"

Alilitaja lote, polepole, majina matatu: la kwake, la baba na la babu. Kisha akainama juu ya meza kutazama jinsi lilivyoandikwa.

"Umeruka herufi moja," alisema. "Andika upya, tafadhali. Haya ni maneno yangu."

Sajini alimtazama Inspekta. Inspekta akatikisa kichwa kukubali. Kijana akachukua karatasi safi, akaliandika jina kwa herufi kubwa, na mdogo wa marehemu akalisoma mara mbili kabla ya kuweka sahihi.