Aliyeona ni Nguruwe

Nina mzee wangu, kazeeka kabla hajaanza kazi hata siku moja. Ni nani?

Kuneni vichwa. Mkishindwa mtanipa mji, na mji ninaoutaka leo ni Ulsan, maana ndiko mzee huyo alikokuwa akipelekwa asubuhi ile ya vuli, ndani ya lori jeupe.

Nyuma ya lori, pikipiki.

Hyosung nyeusi, inanguruma kwa hasira. Juu yake Tak Hye-rim, mwanamke wa Ofisi ile isiyo na kibao mlangoni. Nyuma yake sanduku la bati, kama la wapeleka vyakula. Ndani ya sanduku, kichwa cha nguruwe kilichochemshwa kikaiva.

Lori likapinda. Naye akapinda.

"Kunde, unanisikia?" Sauti ilitoka kwenye kidude cha sikioni, ikimwita kwa jina lake la kazini. Mkuu Pyo, bosi wake, mtu wa kula pipi za tangawizi na kulalamika.

"Nakusikia, Mkuu."

"Lori limesimama popote?"

"Dereva hata kukojoa hajakojoa."

"Basi watabadilisha huko huko ndani ya maabara."

"Nani atabadilisha?"

"Ningemjua, ningekutuma na kichwa cha nguruwe?"

Simu ikaita. Hye-rim alijua ni nani kabla ya kupokea. Duniani kuna mtu mmoja tu anayepiga simu wakati wa hatari.

"Hye-rim! Shamba nimeshalilima. Mbegu za kitunguu saumu zinanitumbulia macho. Nipande, nisipande?"

"Mama, niko barabarani."

"Lini hukuwa barabarani? Bima gani hizo unazouza zisizokwisha! Sikiliza. Mama Deok-su keshahamia kwa mwanawe, Daegu. Anasema kinu kile kipya kikiwashwa, siku kikiharibika hatutapata hata nafasi ya kuvaa viatu. Na kitunguu nikipanda leo nakivuna mwakani. Mwakani nitakuwepo hapa? Wewe muuza bima, hatari ndiyo kazi yako. Nipande, nisipande?"

"Nitakupigia, mama."

"Hilo si jibu, mwanangu. Hilo ni kufunga mlango taratibu."

Simu ikakatika.

Hye-rim akaongeza mwendo. Shamba la mama yake liko chini ya ukuta wa kinu hicho cha nyuklia. Ukisimama kwenye matuta unauona mnara wake, mweupe, kimya, haujawashwa bado. Na yaliyomo ndani ya lori ndiyo yatakayosema kama mama alale au ahame.

Haya, mji mmeshanipa, nawapa jibu. Mzee yule ni waya.

Waya wa umeme, ndiyo. Kinu kikiharibika, chungu kikachemka kupita kiasi, kuna waya unaopeleka neno kwa bomba: fungua, maji yaingie, moto upoe. Waya ukifa, neno halifiki. Sasa waya mpya kila mtu anaujua, hupeleka neno vizuri. Lakini ukishakuwa mzee, je? Nani akae miaka arobaini kungoja? Basi watu wa huko huutia kwenye tanuri mpaka ngozi yake inazeeka. Huupiga mionzi. Huutikisa kama tetemeko. Kisha huufungia ndani ya tangi la mvuke mkali, na upande wa pili wanaweka taa. Taa ikikaa, waya ni mzima. Taa ikizimika, waya huo hauingii kinuni, wala ndugu zake wote.

Na ndugu zake walikuwa bandarini tayari, marobota kwa marobota, mali ya dalali mmoja aitwaye Bosi Gwak. Nyaya rahisi. Ukizizeesha zinavunjika kama biskuti ya juzi. Gwak alilijua hilo. Ndiyo maana aliingiza kwa magendo vipande vichache vya waya bora wa kigeni, akavipaka rangi ya kahawia.

Kijana kapakwa mvi.

Ofisi ilijua pacha huyo wa uongo yumo nchini. Mkono utakaomwingiza tangini ndio haikuujua.

*

"Shangazi wa tambiko kafika!" mlinzi alipiga kelele langoni mwa maabara. "Jamani, nguruwe wake anacheka!"

"Asiyecheka nimemwacha sokoni," Hye-rim alimjibu, akivua kofia ya pikipiki na kufunga aproni. "Mashine haipendi mtu aliyenuna."

Tangi lilikuwa katikati ya ukumbi, nene, la chuma, limefungwa bolti kubwa kama ngumi. Mwaka uliopita lilipasuka mfuniko, likamchoma fundi mkono. Tangu hapo mafundi waliapa: bila tambiko hakuna atakayefungua mvuke. Shahada zao ukutani, lakini kichwa cha nguruwe mezani.

Hye-rim alikiweka juu ya karatasi nyeupe. Akapanga matufaha, samaki mkavu aliyefungwa uzi, na mkate wa mchele wenye kunde nyekundu. Akakigeuza kichwa kidogo kushoto. Kidogo tena.

Ndani ya tundu la pua la kushoto kulikuwa na kamera, ndogo kama punje ya mtama.

"Naona," alisema Pyo kutoka kwenye gari lililoegeshwa nje. "Naona sinia."

Sinia la chuma lilikuwa juu ya meza ndogo, karibu na tangi. Vipande vya waya vilivyokunjwa, rangi ya kahawa. Yule mzee, anangoja mvuke wake.

Wakaingia. Mkurugenzi Hwangbo, mnene, mcheshi, jasho usoni. Mhandisi Bong, mama wa tangi, aliyeshika ufunguo wa mvuke kama anayeshika mtoto. Mafundi, soksi tu miguuni. Na wa mwisho Naibu Namgung, mtu mpole mwenye miwani, amekumbatia kreti ya pombe ya mchele.

"Pombe ni zawadi yangu," Namgung alisema. "Shangazi, wewe umeleta nguruwe, mimi naleta cha kumteremshia."

"Naibu, leo umekuwa mkarimu!" fundi mmoja alimchokoza. "Harusi yangu ulileta taulo."

Wote wakacheka. Mkurugenzi akachomoa noti ya won elfu hamsini, akaikunja, akasogea mezani.

Watu huko humpa nguruwe noti mdomoni, masikioni, popote penye tundu.

Akaichomeka puani.

Pua ya kushoto.

"Giza," alisema Pyo. "Kunde! Giza! Nguruwe amepofuka!"

Hye-rim alitupia jicho meza ndogo. Namgung alikuwa ameshaweka kreti chini, hatua moja kutoka kwenye sinia.

"Aa, Mkurugenzi!" Akaruka mbele na mikono kiunoni. "Puani? Unataka mashine ipate mafua? Noti ya mkubwa hukaa sikioni, ili maombi yasikike."

"Hivyo ndivyo?"

"Bibi yangu alifanya tambiko la meli na meli haikuzama. Wewe tangi lako lilipasuka mwaka jana. Nani mjuzi?"

Kicheko kililipuka. Mkurugenzi mwenyewe alicheka mpaka akashika tumbo. Hye-rim akaihamisha noti.

"Naona," Pyo alipumua.

"Haya, tuiname!" alisema Mkurugenzi. "Shangazi, nawe pia. Hapa haachwi mtu."

Hapo ndipo ilipo siri ya mahali hapa, wajukuu zangu. Wakiinama huinama kweli. Magoti chini, viganja chini, paji la uso sakafuni. Mkurugenzi hakuoni. Mhandisi hakuoni. Hata jasusi, akiwa ndani ya aproni, haoni kitu ila vumbi.

Anayebaki wima ni mmoja tu. Mshika birika la pombe.

Hye-rim aliinama. Sakafu ilikuwa baridi. Alisikia chupa zikigongana polepole.

Usigeuke. Usigeuke.

"Kaweka birika chini," Pyo alinong'ona. "Kafungua kreti. Katoa chupa... Mungu wangu, kuna sinia la pili chini ya chupa."

Wakainuka. Namgung alikuwa ameshika birika, anatabasamu.

Wakainama tena.

Chuma kiligusa chuma. Taratibu, kama kijiko kwenye sahani ya mgonjwa.

"Kabadilisha! Ninayo picha nzima. Mshike!"

Hakusogea. Akimshika hapa, Gwak atajua na kutoweka, na marobota yatarudi kwa mlango mwingine. Alingoja mkono umpeleke kwa bwana wake.

Mwinamo wa mwisho. Kisha Namgung akasema, kwa upole, "Chupa tupu hizi nazipeleka nje."

Hazikuwa tupu, na chini yake alilala mzee.

*

Gari jeusi, Genesis, liliondoka kwa kishindo. Namgung kaingia nyuma na kreti, na kwenye usukani Gwak, mtu wa suti ya kijivu na shingo ya ng'ombe.

Hyosung ikawaka.

Barabara ya pwani. Kona. Kona nyingine. Kamba za ngisi waliokaushwa zilipepea kando ya njia. Hye-rim akakata katikati yake, ngisi mmoja akamnata kifuani kama nishani. Akatokea mbele. Akailaza pikipiki kukinga njia.

Breki zililia.

Gwak alishuka na kreti mkononi, akarukia ukuta wa bahari. Chini, mawimbi yalipiga mawe. Namgung alibaki garini, analia ndani ya miwani.

Hye-rim alikuwa na bastola yake ya K5 mkononi.

"Weka bastola chini, shangazi," Gwak alisema, akining'iniza kreti juu ya maji. "Mzee wako akizama, huna wa kumpima. Picha zako? Mawakili wangu watazitafuna mwaka mzima. Na nyaya zangu zitaingia kinuni."

Ni kweli. Mzee yule ndiye shahidi.

Lakini Hye-rim alikuwa akitazama chupa. Pombe ya mchele hai, imetikiswa kona baada ya kona, juani. Chupa zilikuwa zimevimba kama mashavu ya chura.

"Bosi, tambiko halijaisha," alisema. "Hatujamwaga pombe kwenye pembe nne."

Risasi moja.

Kifuniko kiliruka. Povu jeupe likamjaa Gwak machoni, puani, kinywani. Akapiga yowe, akajitupa nyuma, kreti ikaanguka barabarani. Hye-rim alikuwa ameshafika. Goti mgongoni, pingu mkononi.

"Hiyo ndiyo pembe ya kwanza," alimwambia. "Zimebaki tatu."

*

Mhandisi Bong alilipokea sinia kwa mikono miwili. Alimtazama nguruwe, akamtazama shangazi, akaelewa. Akamtoa kijana wa mvi, akamweka mzee mahali pake, akakaza bolti mwenyewe.

"Fungua mvuke," alisema.

Tangi likaguna. Taa ndogo ya njano iliwaka ukutani. Hakuna aliyekaa. Mkurugenzi alitafuna kucha. Hye-rim alisimama mlangoni, kofia kwapani, hawezi kutulia, mguu huu, mguu ule.

Taa ikakaa.

Ikakaa.

Ikapepesa jicho mara moja, kama anayesinzia. Ikazimika.

Kisha Mhandisi Bong akafuta uso. "Afadhali umefia hapa," alimwambia mzee aliyemo tangini.

"Kunde," Pyo aliita sikioni, "marobota yamefungwa bandarini, hata moja halitoki. Njoo tumle shahidi. Masikio nimekuwekea."

"Kuleni."

Alikuwa ameshatoka. Aproni begani, hatua za mtu aliyetumwa chumvi dukani. Alikalia pikipiki. Hakuiwasha. Mbali, juu ya maji, mnara mweupe ulionekana. Kuna nyaya nyingine ndani yake, na vali, na swichi, na kila kimoja kina mtu wake mwenye birika. Alijua hilo.

Akampigia mama. Simu ililia mara moja tu.

"Umeuza bima?" mama aliuliza.

"Nimekataa moja, mama. Ilikuwa mbovu. Na zijazo nitasimama nizikague mwenyewe."

"Maneno mengi hayo. Jua linazama, mgongo unauma, mbegu ziko mkononi. Nipande, nisipande?"

Hye-rim alibandua kipande cha ngisi kwenye koti lake, akakitupa upeponi.

"Panda, mama."