Kiti cha Thelathini

Kiti kilikuwa na joto.

Mama Kimya alikishika mgongoni ili akipandishe juu ya vingine, akalihisi joto hilo kwenye plastiki, lile linaloachwa na mtu aliyekaa kitako muda mrefu. Kilikuwa kiti cha mwisho, nambari thelathini, nyuma kabisa chini ya dirisha, na hakuna aliyekikalia. Alijiambia ni jua tu. Kisha akakumbuka kuwa mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi.

Jina la Mama Kimya alipewa na wasomaji, kwa sababu ya kidole chake kilichokuwa midomoni kutwa nzima. Alikuwa mkutubi wa maktaba ya jiji, mjane, mwenye binti mmoja wa miaka kumi. Kila Jumamosi saa nne asubuhi alifungua ukumbi wa ghorofani kwa usomaji wa pamoja. Utaratibu ulikuwa rahisi: ukifika unatia sahihi daftarini, unakaa kwenye kiti chenye nambari ya mstari wako, kitabu kinapita mkono kwa mkono, na kila mtu anasoma ukurasa mmoja kwa sauti. Mkutubi kazi yake ni kuita nambari.

Ukumbi huo ndio uliomrudishia mtoto. Baba yake alipofariki, binti alishikwa na kigugumizi kibaya hata kuomba maji kukawa vita. Mwaka mzima Mama Kimya alimketisha miongoni mwa watu wazima wasiocheka, na neno baada ya neno ulimi ukafunguka, tena ukafunguka kupita kiasi. Fundi saa, mzee mmoja aliyekuja kila Jumamosi na daima akawa wa mwisho kufika, ndiye aliyembandika jina la Kasuku.

"Mzee mzima, unatengeneza saa za watu, yako haisemi kweli?" Kasuku alikuwa akimtania.

"Saa yangu inakungoja wewe umalize kuongea, mjukuu wangu."

Sasa halmashauri ya jiji ilikuwa imetoa amri. Ukumbi usiopata watu thelathini kila wiki ungegeuzwa ofisi. Na watu wa Mama Kimya, awahesabu kwa vidole au kwa kalamu, walikuwa ishirini na tisa. Basi alifanya kosa ambalo mkutubi yeyote aliyebanwa angeweza kulifanya. Kwenye mstari wa thelathini aliandika "Mgeni", akahamishia kalamu mkono wa kushoto, akatia sahihi iliyopinda. Alifanya hivyo Jumamosi tano. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake aliiona inafika mbali.

Jumamosi ya sita kiti kikawa na joto. Ya saba, alipofungua daftari ili aandike uongo wake, aliukuta umekwisha kuandikwa. Sahihi ilikuwa ileile iliyopinda, na wino ulikuwa bado mbichi.

Ya nane, fundi saa alisoma ukurasa wake kwenye kiti cha ishirini na tisa, kwa ile sauti yake nzito yenye mikwaruzo, akafunika kitabu. Watu walianza kusogeza viti waondoke. Hapo ikanuka karatasi iliyolowa ikaozea sandukuni, na kutoka nyuma, chini ya dirisha, sauti ya fundi saa ikaendelea kusoma ukurasa unaofuata, taratibu, bila kukosea hata nukta, huku fundi saa mwenyewe ameketi mdomo umefumba, macho yamemtoka, mkono ameushika kooni. Wengi hawakugeuka. Walidhani mzee ameongeza ukurasa kwa kunogewa. Mama Kimya, aliyekuwa mbele akiwatazama, alikiona kiti cha thelathini kikibonyea katikati.

Tangu siku hiyo fundi saa hakutoa sauti tena. Hospitali walimpima koo wasione kitu.

Mama Kimya akamtafuta mpunga pepo. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani puani na mkoba kwapani. Alipoingia maktabani, jambo la kwanza aliomba radhi.

"Nina kitabu chenu hakijarudi huu mwaka wa nne, dada. Nisamehe."

"Hata kumi kaa navyo. Nisaidie."

Walipanda ukumbini saa nane mchana, maktaba ikiwa imejaa wanafunzi chini. Mpunga pepo alipita safu za viti akinusa. Alipofika dirishani alisimama mbali kidogo, kama mtu anayepisha mlango.

"Nieleze," alinong'ona. "Mficha uchi hazai."

Mama Kimya akaeleza, machozi yakimtiririka.

"Majini wengine hubisha hodi," mpunga pepo akasema. "Huyu hakubisha. Ulimwandikia nafasi kwa mkono wako, akaja kuikaa. Hana sauti, kwa hiyo anachukua ya anayemtangulia."

"Utamfukuza?"

"Mimi siwezi. Hakuja kwa kosa langu. Jumamosi, kabla zamu yake haijafika, simama mbele za watu useme kuwa nambari thelathini ni uongo wako, kisha ukate mistari yote aliyoandikwa. Lakini uwahi, kabla mtu wa pili hajatia sahihi chini yake. Akishapata shahidi si uongo tena."

"Na sauti ya fundi saa?"

Mpunga pepo alivua miwani akaifuta.

Ijumaa jioni Mama Kimya alimpeleka Kasuku kwa mama yake mdogo, upande wa pili wa jiji. Mtoto alilia.

"Lakini Mama, nisipokuja mtapungua!"

"Nimesema kesho hukanyagi pale. Sitaki kusikia neno."

Baadaye alikuja kujutia maneno hayo kuliko yote aliyowahi kumwambia.

Jumamosi fundi saa alikuwa wa kwanza kufika. Alikaa kiti cha kwanza, akamwonyesha Mama Kimya daftari, kisha koo lake, kisha akatikisa kichwa. Mama Kimya aliinamisha macho. Alikuwa amejiandaa kusema, kweli alikuwa amejiandaa, hata maneno aliyakariri bafuni asubuhi. Mara mkaguzi wa halmashauri akaingia bila taarifa, akaketi karibu na meza yake, akavuta daftari mapajani.

"Mama, leo mkiwa thelathini, naidhinisha ukumbi mwaka mzima," alisema kwa furaha. "Endeleeni, mimi sipo."

Mwaka mzima. Mama Kimya akajiambia atasema wakifika ishirini, zamu ya yule bado mbali. Walipofika ishirini akajiambia ishirini na tano. Kiti cha ishirini na tisa kilikuwa kitupu, naye akapata faraja ya kijinga kwamba bila wa kumtangulia, yule angekosa pa kuchota.

Alikuwa ameita ishirini na nane, na msomaji akiwa katikati ya ukurasa, mlango uliposukumwa akaingia Kasuku, anahema, viatu vimejaa tope, amemtoroka mama yake mdogo na kukata jiji zima kwa miguu ili mama yake asipungukiwe mtu, akatia sahihi daftarini kwenye mapaja ya mkaguzi huku akimtabasamia, akakimbilia kiti cha ishirini na tisa, hicho pekee alichokiona wazi, na fundi saa akainuka akamrukia amvute lakini mkaguzi akamzuia akimwambia mzee tulia, na Mama Kimya akafungua kinywa apige kelele na harufu ya karatasi iliyooza ikamjaa kooni mpaka akakosa pumzi, na mtoto, bila kungoja kuitwa, akapokea kitabu akasoma ukurasa wake wote kwa sauti safi isiyokwama hata mara moja.

Kisha akafunika kitabu, na sauti ikaendelea.

"Hongera!" Mkaguzi alipiga makofi. "Na huyo wa nyuma anasoma vizuri vilevile!" Akaandika chini ya mstari wa thelathini, wenye ile sahihi iliyopinda, "Nimehakiki", akatia sahihi.

"Hayupo!" Mama Kimya alipata pumzi. "Bwana, ni uongo wangu! Niliandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto!" Alinyakua kalamu akakata mstari mara kumi, hadi karatasi ikapasuka.

"Mama, pumzika," mkaguzi alisema kwa upole, akichukua daftari. "Nimemsikia kwa masikio yangu mwenyewe."

Ukumbi haukugeuzwa ofisi. Mpunga pepo alirudisha kitabu, akakiacha mapokezi bila kupanda juu. Nyumbani, Kasuku huomba maji kwa kugonga kikombe mezani, na mama yake humpa akiwa amegeuza uso.

Jumamosi hawaikosi. Watu ishirini na saba husoma. Kiti cha ishirini na tisa Mama Kimya hukirundikia magazeti ya zamani mtu asikae, kwa sababu sauti mpya ikiingia, ile ya mwanawe haitasikika tena popote duniani. Kasuku hukaa mbele ya dirisha, na yule anaposoma, midomo ya mtoto hufuata kila neno. Mama Kimya hulia, lakini hawezi kuacha kusikiliza.

Jumamosi iliyopita sauti ilimaliza ukurasa, halafu ikasema, kwa utamu uleule wa mtoto anayeomba ruhusa:

"Mama, nimeichoka hii. Mwite mwingine."

Watu wote wakamtazama mkutubi, maana mwenye kuita ni yeye. Magazeti kwenye kiti cha ishirini na tisa yalianza kuteleza sakafuni, moja moja. Kasuku akainuka, akaushika mkono wa mama yake kwa nguvu zake zote, akatikisa kichwa. Huko ngazini, nyayo za mtu aliyechelewa zilikuwa zikipanda.