Upole wa Dokta Magbanua

Jioni ile nilitoka kununua tambi za zamu, na kurudi tu nikapokelewa kwa maneno.

"Tambi, zamu ya usiku? Hujui tambi zikiliwa zamuni huleta mkosi? Unatuitia wagonjwa, wewe!" alifoka Dokta Magbanua. Yeye ndiye bingwa wa wodi ya wazazi hapa kwetu Capiz, Ufilipino, na mimi nilikuwa mwanafunzi wake, mwezi wa pili tu. "Shida yoyote, piga simu. Usipopiga nitakunyonyoa!"

Akapanda kulala ghorofani.

Jamani, kumpigia yule mama niliogopa kuliko maiti.

Saa nane usiku, Analiza wa kitanda cha sita, aliyejifungua magharibi, akaanza kutokwa damu. Nikamkanda tumbo, nikamchoma sindano. Wapi! Pedi ya tatu ikalowa.

"Dokta," alininong'oneza, "mwanangu atanyonyeshwa na nani?"

Nikanyanyua simu ya mezani, nikampigia Dokta ghorofani. "Dokta... samahani kukuamsha. Analiza anatoka damu nyingi."

Ikaitika sauti yake, laini.

"Usijali, mwanangu. Umechoka. Mwache alale."

Mwanangu? Huyu mama hajawahi kuniita hata kwa jina! Lakini nisiseme uongo, nilifurahi. Nilifurahi mno kwamba sikufokewa.

"Nimwandalie damu, Dokta?"

"Mwache tu... nashuka mwenyewe..."

Sauti ilizidi kufifia. Nyuma yake kulikuwa na mlio mdogo.

Tik... tik... tik...

Nywele zikanisimama. Kwetu hata mtoto anamjua aswang, yule anayenyonya damu ya wazazi usiku. Mlio wake ukiwa mkubwa, yuko mbali. Ukififia...

Amefika.

Nikasikia harufu ya mafuta ya nazi yaliyochacha. Dirisha la kitanda cha sita lilikuwa wazi, na nilikuwa nimelifunga mimi mwenyewe.

Nikakisukuma kitanda na Analiza wake hadi chini ya ngazi, nikapiga mayowe. Dokta Magbanua akashuka pekupeku.

"Mjinga wewe! Kwa nini hukunipigia simu?"

Sijawahi kufurahia tusi namna ile. Nililia pale pale, huku nasukuma kitanda kuelekea chumba cha upasuaji.

Analiza alipona. Alfajiri nikamsimulia Dokta kila kitu. Alisikiliza hadi mwisho, tambi zikimpoa mkononi.

"Nilipokuwa kama wewe, sauti ile iliniambia hivyo hivyo," alisema. "Nikaitii. Mama wa watu akafa mikononi mwangu." Akafuta macho. "Unadhani kwa nini nawafokea? Ile haijui kufoka."

Miaka minane imepita. Dokta Magbanua amestaafu, sasa nafoka mimi. Wanafunzi wangu wananichukia, na ninawaacha wanichukie.

Leo asubuhi mmoja wao, mgeni, kanipokea mlangoni kwa tabasamu.

"Asante kwa jana usiku, Dokta. Sikujua una upole vile. Yule mama nimemwacha alale, kama ulivyosema."

Simu yangu haikulia usiku kucha.