Mkate wa Kwanza

Siku ile walikuwapo Babu, ambaye sikio la kushoto lilikuwa limekufa na la kulia lilisikia likipenda. Shangazi, mwenye tanuri. Jitu, mwanawe Shangazi, mkandaji wa unga, mwenye mikono kama miguu na moyo kama siagi juani. Kengele, mtoto wa marehemu kaka yake Shangazi, aliyekuwa anarudi nyumbani kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Na Chiriku, binti yake Kengele, ambaye hakuwa amenyamaza tangu waliposhuka kwenye basi. Hao ndio waliokuwapo. Mwenye kuhesabu zaidi ya hao anahesabu kisicho mtu.

Njia nzima Kengele alikuwa amejipangia maneno. Alikuwa na miaka tisa baba yake alipofariki na mama yake akamchukua wakaenda mbali. Tangu hapo nyumba hii haikumletea hata salamu. Alipoolewa, kimya. Chiriku alipozaliwa alituma picha, kimya. Leo alikuja kuwauliza usoni: niliwakosea nini?

Alipitia mlango wa nyuma, penye kiwanda kidogo cha mikate, kama alivyokuwa akifanya zamani.

"Hodi!"

Shangazi alikuwa amewapa mgongo, anapanga madonge kwenye trei. Hakugeuka. "Kila saa hodi, kila saa hodi. Kaa kando huko, nitakuunguza."

"Shangazi, shikamoo."

Mikono ya Shangazi ikasimama. Akageuka polepole. Hakuwa na uso wa mtu aliyepata mgeni. Alikuwa na uso wa mtu aliyemwacha mwenzake chumbani, kisha akamkuta amesimama barazani. Alimtazama Kengele, akautazama mlango wa stoo ya unga, akamtazama tena Kengele.

"Sauti yako," alisema. "Imefanya nini?"

Hakusema karibu, wala umekua, wala pole na safari.

"Ndiyo niliyo nayo," Kengele akajibu. Jina la Kengele alipewa utotoni kwa sababu ya sauti yake, lakini wiki chache baada ya kuondoka hapa sauti ile ilikwaruzika ikawa kama bawaba isiyotiwa mafuta, na haikupona. Mama yake alisema ni kulia sana.

Jitu ndiye aliyeokoa jahazi. "Dada!" Alimkumbatia na unga wake hadi viwikoni, akamwachia alama za viganja viwili mgongoni, kisha akajifuta machozi na kujipaka uso mzima.

"Nani huyo?" Babu akauliza kutoka kwenye kigoda chake.

"Kengele, Babu!" Jitu alipaza sauti.

"Kengele namwona, sijapofuka. Nauliza huyu mchumba wangu mdogo anaitwa nani."

Chiriku akamweleza jina lake, na kwamba ataanza shule karibuni, na kwamba ndani ya basi kulikuwa na mbuzi, mbuzi kabisa, amekaa kama mtu. Babu hakuyasikia hata nusu, lakini alimtazama mdomoni tangu mwanzo hadi mwisho na kuitikia kila kitu. Ndivyo alivyozoea kuelewa watu. Halafu akaingiza mkono chini ya kigoda na kutoa jozi ya kandambili ndogo za kike, zimefutwa vumbi.

"Zako hizi," alimwambia Kengele. "Nilijua utazirudia."

Kengele akageuza uso pembeni. Kumbe alikuwapo mmoja aliyemngoja.

Tanuri la Shangazi lilikuwa na mlango wa chuma uliotazama njia ya kupita, na ulipofunguliwa moto ulitoa ulimi nje. Kwa hiyo tangu enzi za mama yake, mwenye kufungua aliita "Nafungua!" na mtoto aliye karibu alijibu "Niko kando!" Bila jibu, mlango haukuguswa. Na aliyejibu alipewa mkate wa kwanza, mkononi, ungali moto. Utoto wote wa Kengele ulikuwa humo, katika kujibu na kupuliza vidole. Babu alimfundisha Chiriku neno lile papo hapo, wakicheka wote wawili.

Mvua ilianza kupiga bati, na mchana ukaingia giza kabla ya wakati wake.

"Nafungua!" Shangazi akaita.

"Niko kando!" akajibu Chiriku.

"Niko kando!" akajibu mwingine.

Jibu la pili lilitoka ndani ya stoo. Ilikuwa sauti ya msichana, nyororo, inayolia kama kengele ya baiskeli mpya, na Kengele aliitambua kama mtu anavyoitambua nguo yake iliyoibiwa akiiona mwilini mwa mwingine.

Shangazi alivuta mkate wa kwanza, na mikono yake, kwa mazoea tu, ikauweka sakafuni mbele ya mlango wa stoo. Mlango ulifunguka upana wa kiganja. Ikatoka harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, na ya hamira iliyooza. Mkate ukaburutika ndani, na mlango ukajifunga.

"Shangazi," Kengele alinong'ona, "nani yumo humo?"

Jitu alitazama miguu yake. "Ni wewe, dada."

"Mimi niko hapa!"

"Ulipoondoka nilishindwa kuacha kuita," Shangazi alisema, sauti chini, kama anayeogopa kusikiwa nyumbani kwake mwenyewe. "Naita, nangoja, najua hakuna mtu, nafungua. Na mkate wako nautenga hapo mlangoni, ulipokuwa unapenda kukaa. Siku moja mkate ulichukuliwa. Kesho yake nikajibiwa kwa sauti yako. Mwanangu, nilifurahi! Ningekutafuta vipi, na nakusikia humu ndani kila siku?"

Hasira na huruma vilimjia Kengele pamoja. Hakuwa amesahauliwa, alikuwa amependwa vibaya.

"Mnanong'ona nini?" Babu aliuliza, na Jitu akainama akamweleza sikioni. Mzee akatikisa kichwa. "Mimi sijawahi kuisikia hiyo. Kwangu mimi uliondoka kweli." Kisha akaweka kiganja kifuani kwa Chiriku, aliyekuwa amekaa mapajani mwake. "Na huyu mbona kifua chake kimenyamaza?"

Chiriku alikuwa anasema. Midomo yake ilikwenda, shingo ilimkaza, machozi yalimtoka, lakini hakuna kilichosikika ila mvua.

"Mama!" sauti yake ikaita, yenyewe hasa, na kicheko chake cha kujikwaa, kutoka stoo. "Mama, kulikuwa na mbuzi ndani ya basi!"

Kengele akashika meza ya kukandia, na nyuma ya mlango ule sauti ya mwanawe ikaendelea, ikamweleza habari za mbuzi, ikamweleza habari za shule, ikasema humu kuna giza, mama, kuna giza na kuna mtu ananishika, nifungulie, na harufu ya majivu ikazidi mpaka ikakaa ulimini, na unga ukaanza kupulizwa nje kwa chini ya mlango, ukitoka na kurudi, ukitoka na kurudi, kama kuna kifua kikubwa kimelala sakafuni kinapumua.

"Nikamwite mganga?" Jitu alinong'ona.

"Utamwambia nini, kwamba tumekilea wenyewe?" Kengele alisema. Alimbusu mwanawe kwenye paji la uso, na hapo hapo hofu yake ikamgeukia ikawa kitu kingine. "Hatoki mtu. Kimekula mkate wangu kikachukua sauti yangu. Leo aliyejibu ni mwanangu, na mkate wake kimekula hicho. Mingine bado imo tanurini, basi tunaanza upya."

Akaenda akasimama mbele ya mlango wa stoo, mikono kiunoni.

"Wewe humo! Sauti unazo mbili na huna hata mguu mmoja. Kama wewe ni mwanangu, toka uje uchukue mkate kwa mkono wako."

Mvua tu. Kisha kucha zikapita juu ya magunia, taratibu, toka ukuta mmoja hadi mwingine.

"Mama," ikalia, "hunipendi?"

"Ninayempenda amekaa pale na babu yake! Shangazi, ita."

"Siwezi, mwanangu."

"Ita. Nyumba yako, tanuri lako, na mkate unautoa wewe. Ukikiogopa hicho leo, kesho Jitu ataoa, na watoto wake nao watakuwa mabubu."

Shangazi alishika mpini wa mlango wa chuma.

"Nafungua!"

"Niko kando!" stoo ikajibu, kwa sauti ya Kengele na ya Chiriku zikiwa zimesokotwa pamoja kama nyuzi, na mlango wake ukafunguka zaidi kuliko mwanzo, na ndani hapakuwa na magunia wala ukuta, palikuwa na weusi tu uliojaa mpaka kizingitini.

"Amejibu!" Babu alipiga kelele. Alikuwa ameinama, macho yake yakiwa kwenye midomo ya Chiriku. "Huyu hapa amejibu! Nimemwona!"

Shangazi alitoa mkate wa kwanza kwa mikono mitupu. Akasimama katikati, tanuri nyuma yake, stoo upande huu, mtoto upande ule, na mkate ukimuunguza.

"Shangazi," ikaita ile sauti nyororo, peke yake sasa, kwa upole. "Ni mimi. Hao ni wageni, kesho wanapanda basi. Mimi ndiye niliyekaa na wewe."

Machozi yalimshuka Shangazi, yakachora mistari kwenye unga wa mashavu. Kengele hakumsukuma. Alimwekea tu kiganja mgongoni.

"Ulikaa na mimi," Shangazi alisema. "Lakini hujawahi kupokea kitu mkononi mwangu."

Akaupa weusi ule mgongo, akapiga magoti, akauweka mkate kwenye viganja vya Chiriku. "Aliyejibu ni huyu."

Kilichopiga yowe ndani ya stoo hakikupiga kwa sauti ya mtu yeyote. Mlango ulijibamiza, komeo likakatika na kurukia chini ya meza, na harufu ile ikavutwa kama moshi unavyovutwa na bomba. Kisha wakasikia mvua, mvua ya kawaida.

"Moto!" Chiriku akalia. "Bibi, unaniunguza!"

Jitu aliketi sakafuni kama gunia, akacheka na kulia kwa pamoja. Babu akaupuliza mkate kwa niaba ya mchumba wake.

Shangazi alitoa mkate wa pili, akamletea Kengele. "Na wewe. Wa kwako umechelewa."

Kengele aliula wote, akiwa amesimama, akipuliza vidole. "Asante, Shangazi." Sauti ilitoka na ukwaruzo ule ule.

"Haikurudi," Shangazi alisema kwa huzuni.

"Iache. Huu ukwaruzo ndio uliomlaza mwanangu kila siku." Kengele alisogea hadi mlango wa stoo, akagonga kama anayegonga kwa jirani. "Ikae na wewe, hiyo ya utotoni. Ila hapa hulishwi tena."

Wiki iliyofuata Jitu alihamishia unga chumbani kwake na kuuziba mlango ule kwa matofali. Kengele aliporudi kwake, Shangazi alianza kumpigia simu kila siku kabla ya kufungua tanuri. "Nafungua!" husema, na Kengele hujibu "Niko kando!" kutoka mbele ya cherehani yake, kama Chiriku hajamnyang'anya simu. Shangazi humtambua kwa ule ukwaruzo. Siku moja simu ilikuwa ingali inaita, haijapokelewa, jibu likaja, nyororo, kutoka nyuma ya matofali. Mkate wa kwanza siku hiyo Shangazi alimpa Jitu, mkononi, akaendelea na kazi.