Mwanamume Mmoja wa Elinuru

"Anza na mimi, sista," Hezekia alimwambia nesi. "Dereva ni mimi."

Alisema akitabasamu, lakini Elinuru aliona jinsi alivyokuwa akijifuta viganja kwenye suruali. Miaka sita sasa Hezekia alikuwa akisomba kabichi za Kwai kwa lori la Fuso kuzipeleka Dar, na hakumficha mchumba wake kwamba njiani, Segera na Chalinze, alikuwa na wanawake. Elinuru alilia, akasamehe. Siku ile pale kituo cha afya, walikokwenda kupimwa UKIMWI wiki mbili kabla ya ndoa yao, alimwombea Hezekia moyoni. Kujiombea mwenyewe hata hakukumbuka.

Nesi aliwauliza kama wapewe majibu pamoja. Wakakubali.

"Hezekia, huna maambukizi. Elinuru, mdogo wangu, wewe una virusi vya UKIMWI."

Elinuru akadhani nesi amechanganya majina. Akaomba apimwe tena. Akapimwa, majibu yakawa yale yale.

"Mimi nimewahi kuwa na mwanamume mmoja tu, kabla ya huyu," alisema.

"Mlitumia kondomu?"

"Tulikuwa kwaya moja, tumepanga kuoana. Ningemwambia avae, angeona simwamini."

Nesi akamgeukia Hezekia.

"Wale wa njiani sikumwamini hata mmoja," Hezekia alisema polepole. "Bila kondomu sikuthubutu."

Nesi aliwaeleza kwa utulivu kwamba ndoa bado inawezekana, na watoto pia. Elinuru akimeza dawa kila siku, virusi vikashuka hadi visionekane kwenye kipimo, hatamwambukiza mumewe. Hezekia alikuwa akiitikia kwa kichwa. Walipotoka alitangulia kushuka kilima, wala hakugeuka nyuma.

Jioni Elinuru alimpigia Alen, yule wa kwaya, ambaye siku hizi ameoa na anaishi Korogwe.

"Ulikuwa unajua?"



"Nilijua mwaka jana, mke wangu alipoanza kliniki ya mimba, tukapimwa wote wawili."

"Na hukunipigia."

"Ningeanzia wapi, Elinuru? Sikuwa mhuni mimi. Wa kupita wote nilivaa. Kabla yako kulikuwa na mmoja tu niliyempenda."

Elinuru akakata simu. Hakuwa na la kumtukania, maana hata yeye angejieleza hivyo hivyo.

Siku tatu zikapita bila Hezekia kuonekana. Jumamosi ukaingia ujumbe: "Nesi nilimwelewa vizuri. Akili inakubali, moyo umekataa. Kila nikikufikiria nakuona na yule mtu. Nisamehe."

Elinuru akajibu: "Wako wote ulinitajia, nikakusamehe. Mimi nilikuwa na mmoja."

Ujumbe ulisomwa, haukujibiwa. Akapiga, simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikawa imezimwa.

Jumapili ndoa yao ilikuwa itangazwe kanisani kwa mara ya tatu. Elinuru alikwenda, akakaa na mama yake, ambaye hakuwa ameambiwa kitu na alikuwa amevaa kitenge kipya. Mchungaji alisoma majina ya wagonjwa, akasoma ndoa ya watu wa Mlola, akafunga daftari.

Mama akamwinamia sikioni.

"Wamewasahau?"

"Hapana, mama," Elinuru alisema. "Hawajatusahau."