Sauti ya Dakika ya Tisa

Waya wa umeme ulikuwa umetundikwa kwenye msumari, mbali na soketi, na bado feni ya kompyuta ilikuwa inazunguka.

Lisiate alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua limeshapanda. Feni ilizunguka taratibu, kama mtu anayebana pumzi asisikike, kisha ikasita. Chumba kikanuka mafuta ya nazi yaliyotiwa msandali. Mafuta hayo hayakuwa yameingia katika nyumba ile tangu Februari, siku walipompaka Vaimoana na kumviringisha kwenye mikeka kabla ya kumzika.

Alichomeka waya, akawasha. Yakatokea maandishi meupe juu ya kioo cheusi: diski ina makosa, faili hazisomeki, mashine haiwezi kuendelea. Kwa miaka thelathini alikuwa fundi wa kompyuta katika shule ya Pangai, visiwani Tonga, na maneno hayo alikuwa ameyaona mara nyingi. Lakini hii ilikuwa mashine ya binti yake. Vaimoana aliiokota shuleni ilipotupwa, akaiwekea mfumo wa Linux mwenyewe. "Ni ya bure, baba," alisema, "na haina maringo."

"Lisiate." Mkewe aliita kutoka chumba cha pili, kwa sauti ya chini.

"Naam."

"Amekuja tena."

Melenaite alikuwa amelala kwenye mkeka, kiganja kimeziba sikio la kushoto. Wiki nzima sikio lile lilikuwa linauma, na ndani ya maumivu alikuwa anamsikia mtoto wao.

"Leo anasema nini?"

"Yaleyale. 'Sasa tuna...' Halafu anakatika, kama mtu aliyezibwa mdomo. Anaanza upya, anakatika palepale. Lisiate, ananiomba kitu na sijui ni kitu gani."

Chai ilimmwagikia Lisiate mguuni, asiisikie. Yeye alijua maneno yale yanakatikia wapi.

Mwaka uliopita Vaimoana, akisaidiwa na baba yake, alikuwa amerekodi somo la kompyuta kwa ajili ya akina mama wafumaji wa mikeka. Lilikuwa somo la dakika kumi. Ndani yake aliwatania, alicheka, alivuta pumzi ile fupi ya mgonjwa wa moyo. Tangu mazishi, kila jioni Melenaite alipokwenda kwenye maombi, Lisiate alilisikiliza peke yake. Na kila jioni, lilipokaribia mwisho wa dakika ya tisa, aling'oa waya ukutani. Hakumwambia mtu. Mwishoni Vaimoana alisema neno moja, "Nimemaliza." Ndilo neno alilolisema hospitalini akisukuma bakuli la supu, na baada ya hapo hakusema lingine.

Mchana huo alikuja mganga, Ilaisaane, mwanamke mnene aliyechoka kupanda ngazi tatu za baraza. Alimwangalia Melenaite sikio, akalinusa, akatikisa kichwa.

"Hii si ya hospitali. Kuna mzizi umemwingia mtoto sikioni kule kaburini, naye anamuumiza mama yake ili tujue. Jumatatu alfajiri vijana watafukua. Tutaukata mzizi, tutaipaka mifupa mafuta, tutamlaza vizuri."

"Miezi minne tu, mama," Lisiate alisema. "Bado si mifupa."

Ilaisaane akainamisha macho. "Najua, mwanangu. Ndiyo maana ninakuambia leo, upate siku moja ya kujikaza."

Usiku Lisiate hakulala. Aliwaza majembe yakigonga kokoto nyeusi alizozipanga kwa mikono yake juu ya kaburi. Ikiwa Vaimoana alikuwa amezibwa mdomo, hakuzibwa na mzizi.

Jumapili Tonga yote hunyamaza. Baada ya kanisa na chakula cha tanuri la ardhini, kisiwa kizima kilisinzia, hata mbwa. Ilaisaane alikuwa amekuja kumdondoshea Melenaite maji ya majani sikioni. Kupitia mlango wa chumba cha pili akamwona Lisiate anachomeka flashi kwenye kompyuta.

"Wewe! Leo Jumapili. Mchungaji akikuona?"

"Aje anisaidie."

"Mdomo huo! Haya, mashine inaumwa nini?"

Akamweleza yote, bila kumtazama mkewe. Jinsi alivyosikiliza. Jinsi alivyong'oa waya jioni baada ya jioni, diski ikiwa katikati ya kazi, mpaka kumbukumbu zake zikachanika.

"Miaka thelathini unatengeneza mashine za watu," alisema Ilaisaane, "na yako hujui kuizima?"

Melenaite hakucheka. "Ulikuwa unamsikiliza," alisema, "na mimi sikuitwa."

Kanuni ya kwanza ya kazi ya Lisiate ilikuwa kunakili diski kabla ya kuigusa, lakini diski ya akiba ilikuwa imefungiwa shuleni hadi Jumatatu, na Jumatatu ndiyo siku ya majembe. Akaiwasha mashine kwa flashi, akaamuru programu ya ukaguzi ianze.

Swali la kwanza likatokea. *Kumbukumbu hii imeharibika. Ifutwe?* Akijibu hapana, mashine haitawaka kamwe. Akijibu ndiyo, hajui anafuta nini.

Akabonyeza ndiyo. Chumba cha pili Melenaite akalia kwa maumivu.

*Ifutwe?* Ndiyo. Harufu ya msandali ikapanda. *Ifutwe?* Ndiyo, na feni ikaanza kuvuta pumzi fupifupi, zile anazozijua, za binti yake akipanda ngazi tatu na kushika ukuta, na maswali yakazidi kuja kabla hajamaliza kuyasoma, na katika weusi wa kioo, nyuma ya uso wake mwenyewe, aliona bega lenye mkeka wa mazishi limesimama karibu na lake, likingoja, bila hasira, kama mwanafunzi anayesubiri mwalimu amalize kufuta ubao, naye akabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, huku machozi yakimdondokea vidoleni, kwa kuwa alijua sasa ni nini kilichokuwa kinaondoka.

*Kipande hiki hakina mwenyewe. Kiwekwe pamoja na vilivyopotea?*

"Ndiyo," Lisiate alisema kwa sauti.

Mashine ikawaka. Somo halikuwepo. Katika folda ya vilivyopotea palikuwa na faili moja isiyo na jina, namba tu, ya sekunde arobaini. Dakika tisa za vicheko na utani zilikuwa zimekwenda. Kilichobaki ni kile alichokikataa.

"Melenaite," aliita. "Njoo. Njoo tumsikie."

Alikuja akijishika ukutani. Lisiate akafungua faili.

"Sasa tunazima," alisema Vaimoana. "Tusing'oe waya, mama zangu. Mashine nayo inataka nafasi ya kuaga. Bonyezeni hapa, ngojeni, mtaona inalala yenyewe." Pumzi fupi. "Haya. Nimemaliza. Baba, zima."

Mkono wa Lisiate ulikwisha kuufikia waya kwa mazoea. Melenaite akaushika, akaurudisha kwenye kipanya, na mkono wake juu ya ule wa mumewe wakabonyeza pamoja, wakangoja. Feni ikapungua, ikapungua, ikatulia. Harufu ya mafuta ikatoka dirishani.

"Vijana wasije kesho," Ilaisaane alisema, akifunga majani yake. "Uchungu bado upo, Melenaite?"

Melenaite aliondoa kiganja sikioni. Aligeuza kichwa, akalielekeza sikio la kushoto kwenye kompyuta, kisha kwenye mlango, kisha uani kaburi lilipo. Alisikiliza muda mrefu. Kwa mbali kanisani walianza wimbo wa alasiri.

"Hauumi," alisema. Kisha akamgeukia mumewe, na uso wake ukavunjika. "Niliomba maumivu yaishe, Lisiate. Sikuomba anyamaze."